Mbuna Ndani ya Kioo

Hapa Dzaleka kuna maneno ambayo mtu huyatoa bila kufikiri, hasa foleni ya maji ikiwa ndefu: "Wale damu yao ni ya moto." Wale ni nani? Inategemea nani amesimama kwenye foleni. Mkongomani anayasema juu ya Mrundi, Mrundi juu ya Mnyarwanda, mtu wa Kivu juu ya mtu wa Katanga, wa ziwani juu ya wa milimani. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mna lugha yenu iliyo laini zaidi. Mnaandika kwamba jamii hii ni tulivu, na ile ina historia ya migogoro. Mimi leo nataka kuandika juu ya samaki. Nao waligawanywa hivyo hivyo, wapole upande huu na wakali upande ule, na ilichukua miaka mingi hadi watu wakagundua kwamba kile walichokuwa wanakipima hakikuwa tabia ya samaki peke yake.

Nianze na ziwa letu, maana wengi tuliomo humu tumekuja kutoka pembeni mwa Tanganyika. Pale Uvira tulikula mukeke na ndagala, lakini vile visamaki vya kwenye mawe hakuna aliyevihesabu kuwa chakula. Vilikuwa kazi ya watoto na ndoano. Kumbe wakati sisi tunavidharau, wazungu walikuwa wanavisoma. Uvira palikuwa na kituo cha utafiti cha Wabelgiji, na mtafiti mmoja wa hapo, Georges Marlier, mwaka 1959 alimwelezea kwa mara ya kwanza samaki mmoja wa mawe ambaye akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe, kama usiku wenye nyota. Walimpa jina Tropheus duboisi. Miaka ya mwanzo ya 1970 Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza samaki wa mto Kongo kutoka Kinshasa, alihamia Burundi. Akaanza kuwasafirisha samaki wa Tanganyika kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, watu wakawaweke sebuleni kwenye tangi la kioo. Mtoto wa Uvira akimshika samaki yule humtupa majini. Kule alikuwa ananunuliwa kwa fedha ambayo baba wa mtoto yule hakuwahi kuishika kwa mwezi.

Ziwa Malawi lina hadithi ya namna hiyo hiyo, ila huku jina la samaki ni la wenyeji wenyewe. Watonga wa Nkhata Bay wanawaita mbuna, samaki wanaokaa kwenye mawe. Jina limekwenda dunia nzima: mfugaji wa Ujerumani au wa Japani anasema "mbuna", ingawa pengine hawezi kuionyesha Nkhata Bay kwenye ramani. Wale wanaoogelea katika maji ya wazi wakila vidudu vidogo vinavyoelea, wenyeji wanawaita utaka. Wote wawili ni wa ukoo wa chambo, ukoo ambao wataalamu wanauita sikilidi, na ndani ya ziwa hili aina za ukoo huo ni mamia kwa mamia. Mwaka 1935 Ethelwynn Trewavas, mwanamke aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la London, alitoa orodha kubwa ya samaki hao. Kazi yake ilikuwa nzuri sana, lakini ilitegemea samaki waliokufa, waliohifadhiwa ndani ya chupa. Kwenye chupa hakuna mpole wala mkali.

Aliyewaangalia wakiwa hai ni Geoffrey Fryer, Mwingereza aliyekaa Nkhata Bay katikati ya miaka ya 1950. Alichokieleza mwaka 1959 bado kinashangaza. Kwenye mwamba mmoja walijaa samaki wa aina nyingi, wamebanana kuliko sisi siku ya kugawiwa chakula. Mmoja anakwangua ukoga wa jiwe kwa meno kama mswaki, mwingine anaung'oa, mwingine anachokoa wadudu kwenye nyufa. Yupo hata mmoja, bwana, ambaye riziki yake ni kuwang'ata wenzake magamba na mapezi! Dume la mbuna lina eneo lake, pengine jiwe moja na pango lililo chini yake, na humfukuza anayeingia, hasa dume mwenzake wa aina moja naye. Ukoga ndani ya eneo hilo unakuwa mrefu kuliko wa jirani, kwa sababu analilinda kama shamba.

Kwa hiyo ugomvi upo. Upo kila saa. Lakini tazama unavyokwisha: mwenye jiwe anatoka mbio, mgeni anageuka, wanakimbizana kidogo, kisha mwenye jiwe anarudi kwake. Yule mwingine kashakwenda. Ziwa lina urefu wa karibu kilometa 580, na baada ya jiwe hili kuna jiwe lingine.

Biashara ya kuwatoa mbuna nje ya nchi ilianza miaka ya 1960. Aliyejulikana zaidi baadaye ni Stuart Grant, aliyekuwa na kituo chake Kambiri, kando ya ziwa huko Salima, hadi alipofariki mwaka 2007. Yuko samaki aliyepewa jina lake, Aulonocara stuartgranti, mmoja wa wale ambao wafugaji wanawaita tausi kwa rangi zao za bluu na manjano. Kazi yenyewe waliifanya wapiga mbizi Wamalawi. Samaki wa kina kirefu huwezi kumvuta juu mara moja, kibofu chake cha hewa kitavimba na atakufa. Anapandishwa polepole, siku baada ya siku. Kisha anawekwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mfuko ndani ya boksi, boksi ndani ya ndege. Uwanja wa ndege wa Lilongwe uko Lumbadzi, na ukitoka hapa kambini kwenda mjini unapita karibu yake. Mimi kila nikipita na karatasi yangu ya ruhusa mfukoni nawawazia samaki wale. Na wao walihitaji karatasi.

Sasa wafikirie wamefika Ulaya na kumiminwa ndani ya tangi la lita 100. Mwenye tangi amepanga mawe mazuri upande mmoja, ameweka mbuna sita na tausi wawili. Mwezi unapita, amebaki mbuna mmoja. Wengine ameokota maiti zao, mapezi yamechanika, macho yameng'olewa. Katika vitabu na magazeti ya wafugaji ikaanza orodha: huyu mpole, huyu mkali, huyu muuaji. Melanochromis auratus, samaki mdogo wa mistari asiyezidi urefu wa kiganja, akapata sifa ya ujambazi. Kuna mwingine anayetoka kisiwa cha Mbenji, Maylandia lombardoi, naye akaandikwa hivyo hivyo.

Tangi kama hilo nimeliona kwa macho yangu katika ofisi moja mjini Lilongwe, siku niliyosubiri mtu kutoka asubuhi hadi saa nane. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kutazama. Auratus dume, mweusi mwenye mstari mweupe, alikuwa ameushika upande wote wa mawe. Tausi, ambaye alitakiwa awe bluu, alikuwa wa rangi ya majivu, amesimama pembeni juu kabisa, mgongo karibu unatoka nje ya maji, amejibanza nyuma ya bomba la pampu. Akishuka kidogo, yule anakuja. Akipanda, yule anarudi. Askari wa mlangoni aliniona nimekaza macho, akasema kwa Kichewa: "Uyu ndi wankhanza." Yaani huyu ni mkatili. Nikamuuliza kwa Kichewa changu cha kuokoteza, yule wa juu angeenda wapi? Akacheka. "Aende wapi? Si ni kioo."

Askari yule alikuwa amelijibu swali ambalo wasomi walilizunguka kwa muda mrefu.

Katika historia ya jambo hili wako wawili ambao lazima niwaweke pamoja, maana mwaka 1973 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na mwenzao wa tatu. Wa kwanza ni Konrad Lorenz wa Austria. Mwaka 1963 aliandika kitabu juu ya ugomvi wa wanyama, na ndani yake kuna habari ya samaki mmoja wa India wa ukoo huu huu wa sikilidi. Ukiweka dume na jike peke yao ndani ya tangi, dume mwishowe humgeukia mke wake na anaweza kumuua. Wafugaji wakapata dawa: wanaweka kioo katikati, jozi mbili kila moja na upande wake. Sasa kila dume anamtishia jirani aliye ng'ambo ya kioo, na nyumbani kunakuwa na amani. Lakini kioo kikishika ukoga, majirani hawaonani tena, na kila dume anaanza kumpiga mkewe. Unafanyaje? Unakifuta kioo. Wanaonana tena, wanachukiana tena, ndoa inapona.

Lorenz alieleza kwamba ukali unajaa ndani ya kiumbe kama maji ndani ya pipa, na lazima utafutiwe pa kumwagikia. Watafiti waliomfuata walimpinga sana, na mimi ambaye si mtafiti naona alipoteleza: alilitazama pipa la ndani ya samaki akasahau pipa ambalo samaki yuko ndani yake. Na kuna jambo lingine juu yake ambalo msomaji wa Dzaleka ana haki ya kulijua. Mwaka 1938 Lorenz alijiunga na chama cha Hitler, na mwaka 1940 aliandika makala zilizounga mkono mawazo ya chama hicho juu ya kusafisha mbari. Anayeniambia kwamba ukali uko kwenye damu, hata akiwa anazungumzia samaki, napenda kujua alikuwa wapi mwaka 1940.

Wa pili ni Niko Tinbergen, Mholanzi. Yeye miaka hiyo ya vita alikuwa ndani. Pamoja na walimu wenzake wa chuo kikuu cha Leiden alipinga kufukuzwa kwa walimu Wayahudi, na Wajerumani wakamfunga katika kambi ya mateka tangu 1942 hadi 1944. Samaki wake hakuwa mbuna. Alikuwa kisamaki cha mito ya Ulaya chenye miiba mgongoni, ambacho dume lake hujenga kiota na kulinda eneo. Tinbergen aliwaachia madume wawili tangi moja, kila mmoja akajenga upande wake. Kisha akamtia kila mmoja ndani ya chupa yake nyembamba ya kioo. Alipozipeleka chupa zote mbili upande wa dume wa kwanza, huyu akawa simba, anataka kuvunja kioo amfikie mwenzake, na yule wa pili anahangaika kukimbia. Alipozipeleka zote upande wa dume wa pili, mambo yakageuka: wa pili simba, wa kwanza mwoga. Samaki ni wale wale wawili, dakika ni zile zile. Kilichobadilika ni chupa imewekwa wapi.

Kwangu mimi hili linatosha. Ukimwona samaki yule kwenye chupa ya kwanza tu, utaandika mkali. Ukimwona kwenye ya pili, utaandika mpole. Maandishi yote mawili yatakuwa na tarehe na sahihi.

Ziwa Tanganyika lilitoa ushahidi wake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Michael Taborsky na mwenzake walichunguza, pwani ya Burundi na katika matangi, kisamaki ambacho jina lake limetokana na yule Brichard, Neolamprologus brichardi. Hiki kinakaa kifamilia. Watoto wakubwa wanabaki kwa wazazi, wanasaidia kulinda mayai ya wadogo zao na kusafisha pango. Siku mzazi akiona kwamba msaidizi amekuwa mkubwa mno, anamfukuza. Ziwani aliyefukuzwa huenda kujiunga na wenzake, maisha ni magumu lakini yapo. Kwenye tangi, aliyefukuzwa anabaki palepale alipofukuzwa, na kila akionekana anafukuzwa tena, hadi afe. Mfugaji asiyejua atasema familia ile imeoza.

Wafugaji, na hapa nawapa heshima yao, walijifunza haraka kuliko wasomi, kwa kuwa samaki waliokufa walikuwa mali yao. Waliacha kuweka pamoja madume ya rangi zinazofanana. Walianza kuweka dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, ili asimkimbize mmoja hadi amuue. Waligundua kwamba ukiongeza mgeni ndani ya tangi la zamani, wenyeji wanamshambulia, lakini ukiyatoa mawe yote kwanza na kuyapanga upya, kila mmoja anashughulika kutafuta pa kukaa na hakuna mwenyeji tena. Waliona pia kwamba mbuna na tausi hawakosani kwa mawe tu. Mbuna ni mla ukoga. Akila kila siku chakula cha nyama kinachomfaa mwenzake, tumbo linamvimba na anakufa. Kuwalisha kitu kimoja ilikuwa rahisi kwa mfugaji, basi.

Ila dawa iliyoenea kuliko zote ni kuwajaza. Tangi la lita 200 ambalo lingewekwa mbuna watano au sita linawekwa ishirini na zaidi. Wakali wanabaki wakali, lakini mkali hawezi kumfuata mmoja mpaka mwisho. Kila akianza, mwingine anapita mbele yake. Vipigo vinagawanywa kwa wote. Hakuna anayekufa, na hakuna mwenye jiwe lake. Wafugaji wanaiita amani. Wanaoishi na Tropheus wa kwetu wanafanya hivyo hivyo, kundi kubwa au usiwafuge kabisa. Amani hiyo inategemea pampu. Uchafu wa samaki wengi hivyo lazima uchujwe usiku na mchana na hewa iingizwe bila kukoma. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, wote wanapanda juu wakihema, wakali kwa wapole, midomo nje ya maji.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza walimofungwa wapinzani wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumepita 50,000. Mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi humu, familia zilizokuwa zimeshapata jiwe lao Lilongwe au kwingineko ziliteremshwa kwenye magari zikiwa na magodoro yao, na kila mtu aliyekuwa humu akasogea kidogo.

Najua sisi si samaki. Samaki hana mambo ya 1972, wala ya 1993, wala ya 1994, wala ya 1996. Sisi tunayo, na hakuna kupanga mawe upya kutakakoyaondoa. Mtu aliyeua hajasamehewa kwa sababu nyumba zilibanana. Lakini nimejaza fomu nyingi hapa, na nimekaa kwenye semina nyingi za kuishi pamoja kwa amani, soda na biskuti mkononi. Nimeulizwa kabila, nimeulizwa kama jirani yangu ananitisha, nimeulizwa kama nina hasira. Lile swali la kwanza la mfugaji, kwamba aliyeshindwa anakimbilia wapi, sijaulizwa bado. Na kwenye foleni ya maji, anayesema "damu yao ni ya moto" hajawahi kuwaona watu hao wakiwa kwao, wenye shamba na njia ya kutokea. Amewaona hapa tu, kwenye chupa hii.

Kipo kisa kimoja cha mwisho, na hiki hakikutokea ndani ya kioo. Miaka ya 1960 mfanyabiashara mmoja wa samaki wa mapambo aliwaachia majini mbuna ambao hawakuwa wa sehemu ile, Cynotilapia afra, waliotoka upande wa kaskazini wa ziwa. Aliwaachia kwenye mawe ya Mitande, katika kisiwa cha Thumbi Magharibi, karibu na Cape Maclear. Pale palikuwa na wenyeji wengi tayari, kila jiwe na mwenyewe. Mwaka 1980 eneo hilo likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, na mwaka 1984 likaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, wageni wakiwa ndani ya mipaka. Watafiti waliohesabu samaki na kutoa taarifa mwaka 1983 waliwakuta bado hawajaenda mbali na pale walipoachiwa. Wengine walirudi mwaka 2001 wakawakuta wamekizunguka kisiwa chote, na rangi zao zimeanza kutofautiana kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine. Wenyeji nao walikuwa bado wapo kwenye mawe yao, wanatoka mbio, wanafukuza, wanarudi. Katika maandishi ya kisayansi wale wa Mitande bado wanaitwa wahamishwaji.